Chakula cha Chatu wa Ngoma: Tumpe Nini, Kiasi Gani, na Lini?

Leo sitazungumza habari za mbolea wala za kupanda kwa mistari. Leo nitazungumza habari za chakula cha nyoka anayefugwa. Najua wengine wameanza kucheka, na wengine wameshika kitufe cha redio wanataka kuizima. Ngojeni kwanza. Mkishasikia mpaka mwisho mtaona kwamba jambo hili linahusu ghala lako, kuku wako, sungura wako, na hata watoto wako.

Ndugu zetu wa Usukumani hawashangai. Kule pamba ikishavunwa na mpunga ukishaingia ghalani, ngoma huanza. Bagika na Bagalu hushindana, na wako pia Bayeye, yaani watu wa chama cha nyoka, ambao hutoka uwanjani na chatu mabegani. Waliopata kufika Bujora, pale karibu na Kisesa, wakati wa sikukuu za mwezi wa Juni, wameyaona haya kwa macho yao. Na mtu yule anayecheza na chatu mchana ndiye huyo huyo aliyepalilia pamba mwezi wa Januari. Ni mkulima. Kwa hiyo chatu wake ni mfugo kama mifugo mingine, na mfugo asiyejua kusema njaa yake anahitaji mwenyewe ajue.

Nitaanza na kisa changu mwenyewe, maana ndicho kilichonifundisha.

Mwaka mmoja panya shamba walizidi sana katika vijiji nilivyokuwa navihudumia. Walifukua mbegu ya mahindi kabla haijaota, kisha wakaingia ghalani. Nikazunguka nyumba hadi nyumba nikifundisha namna ya kutega sumu ya unga ule mweusi, yaani fosfidi ya zinki, iliyochanganywa na pumba. Niliwaambia wakulima wafunike maji, wafungie kuku, wazuie watoto. Nilidhani nimemaliza. Katika boma moja lilikuwapo kundi la ngoma lenye chatu wawili, na mimi sikuuliza. Baada ya siku chache vijana waliokota panya mnene karibu na ghala, anatembea kwa kuyumba. Wakafurahi. Wakampa chatu mdogo. Kesho yake chatu yule alikuwa amekufa, amejikunja ndani ya sanduku.

Manju wa kundi, mzee wa makamo, akaniita. Hakugomba. Aliniambia tu, "Bwana Shamba, wewe ulituambia tufungie kuku. Mbona hukutuambia habari za chatu?" Nikamjibu, "Mzee wangu, nisamehe, sikuuliza mna mifugo gani." Ndugu wakulima, tangu siku ile kila ninapofundisha habari za sumu ya panya nauliza kwanza: nyumba hii ina kuku, paka, mbwa, nguruwe, au nyoka? Na tangu siku ile nilianza kujifunza kwa bidii nyoka hula nini. Haya ndiyo niliyojifunza.

KWANZA, KIBALI

Kabla ya chakula, tuseme habari ya sheria. Chatu ni mnyamapori. Hapa Tanzania Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kukamata na kuweka mnyamapori bila kibali. Tena chatu yumo katika orodha ya wanyama ambao biashara yao baina ya nchi na nchi husimamiwa na mkataba wa kimataifa. Kwa hiyo asikudanganye mtu kukuuzia chatu sokoni, wala wewe usimkamate aliyejileta shambani ukamfungia stoo. Nenda kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya, eleza shauri lako. Maelezo ya leo ni kwa wale wenye ruhusa, na kwa wale ambao kundi lao la ngoma linataka kufuata utaratibu.

Na nyoka wenye sumu, kama vile kifutu, swila na koboko, hao si wa kufugwa na mkulima kabisa, hata kwa siku moja, hata ukiambiwa ameng'olewa meno. Meno ya nyoka huota tena.

NYOKA HULA NINI HASA?

Nyoka wote hula wanyama. Hakuna nyoka anayekula ugali, wali, mihogo wala mboga. Tumbo lake halikuumbwa kwa vitu hivyo. Lakini si kila nyoka hula kila mnyama. Kila aina ina chakula chake, kama vile mbuzi anavyopenda majani ya vichaka na ng'ombe akapenda nyasi.

Yupo nyoka mwembamba anayekula mayai ya ndege tu. Humeza yai zima, kisha mifupa ya mgongo wake iliyochomoza ndani ya koo hulipasua, uji wa yai hushuka tumboni na ganda hutapikwa. Ukimpa huyo panya atakufa njaa na panya yuko mbele yake. Yupo nyoka mdogo wa rangi ya udongo ambaye hupenda kukaa majumbani na maghalani. Huyo hula panya na mijusi, wala hana sumu ya kumdhuru mtu. Yupo mwingine mnene anayeingia mashimoni kuwafuata fuko. Na wapo wa majini wanaokula vyura na samaki.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: mjue nyoka wako ni wa aina gani kabla hujamtafutia chakula. Chatu, ambaye ndiye tunayemzungumza leo, hula wanyama wenye damu moto: panya, sungura, ndezi, pimbi, swala wadogo, na ndege. Humkamata, humzungukia na kumbana mpaka moyo usimame, kisha humeza mzima mzima akianzia kichwani.

VITU VYA KUMNYIMA

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na nia ikiwa njema. Tuvitaje kimoja kimoja.

Maziwa. Watu wengi husema nyoka hupenda maziwa, na ati huingia zizini usiku kumnyonya ng'ombe. Si kweli. Nyoka hana midomo ya kunyonyea, na meno yake yenye ncha kama sindano yangemfanya ng'ombe apige mateke kijiji kizima kiamke. Maziwa humharisha. Na wewe mfugaji, ukiona ng'ombe amepunguza maziwa ghafla au chuchu ina damu, usimtafute nyoka. Chunguza kiwele: huenda ni ugonjwa wa kiwele, au mwiba, au ndama amefungua kamba usiku.

Vipande vya nyama. Chatu anaweza kumeza kipande cha nyama ya ng'ombe, na ndiyo maana watu hudhani chakula kimepatikana. Lakini nyama tupu haina chokaa ya kutosha ya kujenga mifupa, wala haina vitamini zilizo katika maini na viungo vingine. Mnyama mzima ndiye mlo kamili: nyama, mifupa, maini, moyo, na kilichomo tumboni. Chatu mchanga aliyelelewa kwa steki mifupa yake hulegea na mgongo hupinda. Usifikiri unamheshimu kwa kumpa nyama ya bei, unamnyima.

Nyama iliyopikwa, iliyotiwa chumvi, au samaki wa kukaushwa. Hivyo si chakula chake.

Kibudu. Kuku aliyekufa kwa mdondo, sungura aliyekufa kwa ugonjwa usiojulikana, au mnyama uliyemkuta amekufa njiani, usimpe. Hujui kilichomuua.

Panya wa kuokota. Hili nalirudia kwa nguvu. Panya uliyemwona anatembea mchana, anayumba, anakamatika kwa mkono, huyo ni mgonjwa au amekula sumu. Ile fosfidi ya zinki ikikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi ya kuua. Panya aliyekufa kwa sumu hiyo bado ana chambo tumboni mwake, na chatu humeza panya pamoja na tumbo lake. Zipo pia sumu nyingine zinazozuia damu kuganda. Hizo hubaki katika maini ya panya, na panya anaweza kuishi siku kadhaa akiwa nazo kabla ya kufa. Kwa hiyo usiseme, "Huyu yuko hai, basi hana sumu."

Tena panya wa mwituni huleta maradhi kwa mtu anayemshika. Viroboto wa panya ndio wanaoeneza tauni, na wenzetu wa Lushoto wanaikumbuka vizuri tangu mwaka 1980. Mkojo wa panya na wa wanyama wengine hueneza homa ya mgunda, ambayo mwaka 2022 iliwaua watu mkoani Lindi. Kijana anayemshika panya kwa mkono mtupu ili amlishe nyoka anahatarisha nyumba yake yote.

BASI TUMPE NINI?

Chakula kizuri cha chatu ni mnyama aliyefugwa nyumbani, mwenye afya, ambaye unajua alikula nini tangu kuzaliwa. Mkulima mdogo anaweza kumpata kwa njia nne.

Panya weupe wa kufugwa. Hawa wanafaa kwa chatu wachanga. Jike hubeba mimba siku 21 hadi 23 na huzaa watoto wengi. Wafuge katika kizimba cha bati au wavu, uwape pumba, mahindi na maji. Hakikisha hawachangamani na panya wa ghalani.

Simbilisi. Mimba yake ni ndefu, miezi miwili hivi, na huzaa watoto wachache, 2 hadi 4. Lakini hula majani tu, hahitaji banda kubwa, na ukubwa wake unamfaa chatu wa makamo. Mwanzoni baadhi ya chatu humkataa kwa sababu harufu yake ni ngeni kwao.

Sungura. Huyu ndiye mlo bora wa chatu mkubwa, na habari zake nitazieleza kwa hesabu baadaye.

Kuku. Chatu humpenda, ila kinyesi cha nyoka aliyekula kuku huwa chepesi na chenye harufu kali. Mpe jogoo wa ziada, usimpe tetea anayetaga. Mkulima anayemlisha nyoka kuku wa kutaga amekula mbegu yake.

Mbuzi je? Chatu mkubwa anaweza kummeza mwanambuzi, lakini hakuna haja. Mlo mkubwa kupita kiasi humlaza hoi kwa siku nyingi, na akishtushwa huutapika. Tena ukimzoesha harufu ya mbuzi, siku akitoroka atakwenda wapi? Zizini kwa jirani.

KIASI GANI?

Ipo kanuni nyepesi ya jicho. Mtazame chatu wako mahali alipo mnene zaidi. Mnyama unayempa awe na unene sawa na hapo, au azidi kidogo tu. Baada ya kumeza, tumbo liwe na uvimbe unaoonekana, lakini ngozi isitanuke mpaka magamba yaachane sana.

Kama una mizani ya kupimia pamba, tumia mizani. Mtie chatu katika gunia lenye nafasi ya hewa, pima, kisha toa uzito wa gunia. Chatu mchanga anayekua apate mnyama mwenye uzito kama sehemu moja kwa kumi ya uzito wake, au kuzidi kidogo. Chatu mkubwa apate pungufu ya hapo.

Na mara ngapi? Fuata mpango huu:

Chatu mchanga, chini ya mwaka mmoja: mara moja kila siku 7.
Chatu wa mwaka 1 hadi 3: mara moja kila siku 10 hadi 14.
Chatu mkubwa: mara moja kila wiki 3 hadi 4.

Wengine hushangaa, "Wiki nne bila chakula?" Ndiyo. Ng'ombe hutumia sehemu kubwa ya chakula chake kuupasha mwili joto. Nyoka huchukua joto lake juani, kwa hiyo chakula kidogo humtosha muda mrefu. Anayemlisha chatu kila siku kama mbwa anamuua polepole kwa mafuta. Chatu aliyenenepa mno huonekana ana kichwa kidogo juu ya mwili mkubwa, na akijikunja ngozi hufanya mikunjo ya mafuta. Aliyekonda uti wake wa mgongo huchomoza kama paa la nyumba, na ngozi ya ubavuni hulegea. Mwenye afya mgongo wake ni wa mviringo na misuli ni migumu ukimshika.

Maji yawepo siku zote. Weka beseni zito lisilopinduka, badilisha maji kila siku, na akinya ndani yake osha papo hapo.

NAMNA YA KUMLISHA

Mpe mnyama aliyekwisha kufa. Wengi hupenda kumtupia sungura aliye hai wapate kutazama. Hiyo si kazi ya mfugaji. Panya aliyetiwa hofu huuma, na meno yake yanaweza kumtoboa chatu jicho au kumtia jeraha linalooza. Tena mnyama huteseka bure. Muue sungura kwa pigo moja la nguvu nyuma ya kichwa, kama unavyofanya kwa ajili ya kitoweo, kisha mpe angali na joto. Kwa wale wenye friza, mnyama aliyegandishwa ayeyuke kabisa mpaka ndani, kisha atiwe katika maji ya moto kiasi ili apate joto. Asichemshwe.

Shika mnyama kwa koleo refu au fimbo yenye panda, usimpe kwa mkono. Nyoka huongozwa na harufu na joto. Mkono ulioshika sungura una harufu ya sungura, na chatu hawezi kutofautisha. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa nyoka, na osha tena baada ya kumgusa, kwa sababu nyoka hubeba vijidudu vinavyoharisha watu, hasa watoto wadogo. Beseni lake lisioshewe mahali mnapooshea vyombo.

Kama mna chatu wawili, kila mmoja alishwe peke yake. Wakimshika sungura mmoja kwa pande mbili, mwenye mdomo mkubwa anaweza kummeza mwenzake.

JOTO NA UTULIVU

Hapa narudi kwa yule chatu mkubwa wa kundi lile, aliyebaki hai. Naye alikuwa na shida yake: kila akila alitapika. Manju alisema, "Huyu amerogwa na washindani wetu." Nikamwomba anieleze mpango wake wa wiki. Akasema, "Jumamosi tunampa chakula apate nguvu, Jumapili tunatoka naye uwanjani." Tena ilikuwa mwezi wa Julai, usiku baridi, na sanduku liko sakafuni kwenye saruji.

Ndugu wakulima, hakuna uchawi hapo. Tumbo la nyoka hufanya kazi kwa joto. Likipata joto la mchana mzuri, kama nyuzi 28 hadi 32, asidi huyeyusha hata mifupa. Likipoa, chakula huoza kabla hakijasagika, naye hukitapika ili kujiokoa. Na nyoka aliyeshiba akibebwa, akivutwa na kuzungushwa kwa ngoma, hutapika vile vile, maana mwituni nyoka aliyeshiba akishtushwa hutapika ili awe mwepesi wa kukimbia.

Tulifanya mambo matatu tu. Kwanza, sanduku liliinuliwa juu ya kichanja, likatandikwa nyasi kavu, na usiku wa baridi zikawekwa chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa upande mmoja wa sanduku, ili nyoka achague mwenyewe joto au ubaridi. Mchana aliota jua huku nusu ya banda ikiwa na kivuli. Angalieni: sanduku lililofungwa likiachwa juani huwa tanuri, humwua nyoka kwa muda mfupi. Na jiko la mkaa chumbani ni hatari kwa nyoka na kwa watu.

Pili, siku ya chakula ilihamishwa. Baada ya kula, chatu haguswi kwa siku 2 kabisa, na hatoki kwenda ngomani mpaka zipite siku 7 na uvimbe wa tumbo uwe umekwisha. Katika msimu wa mashindano ni bora alishwe mara chache kuliko kulishwa na kutapishwa.

Tatu, baada ya kutapika aliachwa apumzike siku 14 akiwa na maji tu, kisha akapewa mnyama mdogo, nusu ya kiasi cha kawaida. Hakutapika. Baada ya hapo tulirudi kwenye kiasi chake taratibu.

AKIKATAA KULA

Usihangaike haraka. Chatu hukataa chakula kwa sababu nyingi. Akikaribia kujivua gamba, macho yake huwa na ukungu wa buluu na rangi yake hufifia. Mwache mpaka amalize. Majira ya baridi hupunguza hamu. Jike mwenye mayai huyazungukia na hali mpaka yaanguliwe. Nyoka mgeni naye huogopa. Mfunike sanduku, msimfungulie wageni kila saa. Chatu mkubwa mwenye afya anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula asidhurike, mradi ana maji.

Lakini akikonda, akiwa na povu au makamasi mdomoni, akipumua kwa sauti, au akitapika mara kwa mara, mwone daktari wa mifugo. Kamwe usimshindilie chakula mdomoni kwa kijiti. Utamvunja taya au utapeleka chakula katika njia ya pumzi.

HESABU YA SUNGURA

Sasa tupige hesabu, maana ufugaji bila hesabu ni hasara. Chukua chatu mmoja mwenye kilo 12. Unampa sungura wa kilo 1 kila wiki 3. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo atahitaji sungura 17 au 18.

Sungura jike hubeba mimba siku 31 hivi. Ukimpandisha kwa utaratibu huzaa mara 4 kwa mwaka bila kuchoka. Tuseme kila uzao wanapona watoto 5. Hao ni 20. Kwa hiyo jike mmoja anayetunzwa vizuri humtosha chatu mmoja kwa mwaka, na wawili au watatu hubaki kwa kitoweo chenu. Kundi lenye chatu watatu lifuge majike 3 na dume 1. Chakula chao ni majani ya viazi vitamu, majani ya kunde yaliyonyauka kidogo, nyasi na pumba. Mbolea yao weka bustanini. Vizimba viwe vya kuinuliwa kutoka chini, vikavu, na visivyopitisha panya.

Kama hesabu hii inakushinda, basi chatu huyo amekushinda. Heri kusema mapema kwa Afisa Wanyamapori kuliko kumweka na njaa. Na usimwachilie mwenyewe kichakani nyuma ya kijiji; amezoea watu na anajua harufu ya kuku wenu.

NENO LA USALAMA

Chatu hana sumu, lakini ana nguvu. Mkubwa anaweza kumuua mtoto, na hata mtu mzima aliye peke yake. Kwa hiyo sanduku liwe na kufuli, lisikae katika chumba wanacholala watoto, na anayemlisha chatu mkubwa awe na mwenzake karibu. Ufunguo ashike mtu mmoja mwenye akili timamu, si kila kijana wa kundi.

Ndugu wakulima, tukumbushane kwa ufupi. Pata kibali. Mpe mnyama mzima aliyefugwa, si kipande, si kibudu, si panya wa kuokota. Unene wake ulingane na unene wa nyoka. Mchanga kila wiki, mkubwa kila wiki 3 au 4. Mpe joto, mpe utulivu, usicheze naye akiwa ameshiba. Na siku unapotega sumu ya panya, funga sanduku la nyoka kama unavyofunga banda la kuku, na okota kila panya aliyekufa kwa koleo au jembe, umfukie chini sana.

Yule chatu mkubwa wa kundi lile alitoka uwanjani msimu uliofuata. Manju aliniletea habari mwenyewe, akaongeza kwamba majike ya sungura sasa ni manne, na kwamba wake zao wanauza wale wa ziada gulioni. Kisha akaniuliza, "Bwana Shamba, mwaka huu utakuja kufundisha sumu ya panya?" Nikamwambia nitakuja, na nyumba ya kwanza kuingia itakuwa yake.

Kwa leo naishia hapa. Wale wenye maswali waandike, au wamwone Bwana Shamba na Bwana Mifugo wa kata yao.